Kiangazi cha Wacherokee: Mila Zilizo Mikononi

Kila kiangazi, milima ya Great Smoky iliyoko magharibi mwa jimbo la North Carolina, Marekani, hufurika watalii. Wengi hupita katika mji wa Cherokee, kwao Eastern Band, yaani wazao wa Wacherokee waliosalia milimani pale serikali ilipowahamisha ndugu zao kwa nguvu mwaka 1838 na kuwapeleka eneo ambalo leo ni Oklahoma. Katika safari ile, inakadiriwa watu 4,000 walipoteza maisha. Waliosalia wana makumbusho yao tangu 1948, na tangu 1952 wana pia Oconaluftee Indian Village, kijiji cha maonyesho kinachorudisha maisha ya karne ya 18.

Kijijini humo hakuna vioo vya kutenga mtu na kitu. Wanaoonyesha kazi ni Wacherokee wenyewe. Huyu anachoma gogo na kulikwangua mpaka liwe mtumbwi. Yule ameshika bomba refu la mwanzi, anapuliza mshale mwembamba uliofungwa manyoya ya mbaruti mkiani ili pumzi isivuje. Zamani bomba hilo lilitumika kuwindia ndege, sungura na kindi.

Ila kazi ya kumkalisha mgeni kitako ni ususi wa makapu. Mwanzi wa kando ya mto hupasuliwa vipande vinne kwa urefu, ukakwanguliwa kwa kisu mpaka chane ziwe laini, kisha ukachemshwa na mizizi ya jozi upate rangi ya kahawia iliyokolea. Kapu gumu kuliko yote ni lile la kuta mbili: msusi huanzia kitako cha ndani, hupanda mpaka ukingoni, hukunja chane na kushuka nazo kwa nje, hata usijue alipoanzia wala alipomalizia. Ufundi huo ulikaribia kupotea Qualla, kama eneo lao liitwavyo. Aliyeufufua ni Lottie Stamper, mwalimu wa ususi katika shule ya Cherokee, aliyeng'amua siri yake kwa kuchunguza picha ya kapu lililopelekwa Uingereza miaka ya 1720 na kuhifadhiwa British Museum. Alipoijua, aliwafundisha wengine. Kapu lenyewe liko London hadi leo; ujuzi wake ulirudi nyumbani.

Katika nyumba ya baraza yenye pande saba, mwongozaji hueleza habari za koo saba, zikiwemo za Mbwamwitu, Paa na Ndege. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kuoana ndani ya ukoo mmoja ni mwiko. Kwa desturi ya zamani, nyumba na shamba vilikuwa vya mwanamke, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe.

Wageni hupenda pia mchezo wa mpira wa vijiti, ambao Wacherokee huuita mdogo wake vita. Kila mchezaji ana vijiti viwili vyenye vikombe vya nyuzi nchani, vya kudakia kijipira cha ngozi. Wachezaji hukabana na kuangushana mieleka, na timu inayotangulia kufikisha mabao 12 ndiyo mshindi. Zamani, miji iliyogombana iliweza kumaliza ugomvi uwanjani badala ya kumwaga damu.

Si kila jambo huletwa mbele ya watalii. Sherehe ya Mahindi Mabichi ya mwisho wa kiangazi haikuwa tamasha la kutazamwa: mahindi mapya hayakuliwa kabla yake, mioto ya zamani ilizimwa na mpya kuwashwa, na makosa ya mwaka yakasamehewa, isipokuwa kuua. Ngoma za kuburudisha huchezwa hadharani, lakini ibada zina viwanja vyake na wenyewe.

Kuna wanaolalamika kwamba mila inayochezewa watalii ni mila iliyouzwa. Wasiwasi huo una msingi, kwa maana biashara hupenda vitu vyepesi vya kupigwa picha. Hapa, hata hivyo, kijana anayemsukia mgeni kapu hulipwa kwa ujuzi ambao pengine angeuacha akatafute kibarua kingine, na mafundi wana ushirika wao wa kuuzia kazi zao tangu 1946. Watu waliowahi kuamuliwa na wengine hata mahali pa kuishi sasa ndio wanaoamua kipi kionekane na kipi kisionekane. Mamlaka hayo ndiyo yanayotenganisha mila iliyo hai na maigizo.