Jiolojia ya Cotswold Water Park

Jiolojia ya Cotswold Water Park inahusu matabaka ya udongo, changarawe na mwamba yaliyo chini ya eneo la Cotswold Water Park, kusini mwa Uingereza. Eneo hilo liko katika bonde la juu la mto Thames, hasa kwenye kaunti za Gloucestershire na Wiltshire. Lina maziwa zaidi ya 150. Maziwa hayo si ya asili: ni mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa mchanga na changarawe katika karne ya 20 na baadaye, kisha yakajaa maji ya ardhini.

## Matabaka

Kutoka juu kwenda chini kuna matabaka makuu matatu:

* Udongo wa juu. Ni udongo wa kilimo, na karibu na mito kuna pia tope laini lililoletwa na mafuriko. Tabaka hili huondolewa kwanza na kuwekwa kando ili litumike tena baada ya uchimbaji.
* Changarawe na mchanga. Kwa kawaida unene wake ni mita chache tu. Kokoto zake nyingi ni za mawe ya chokaa yaliyotoka kwenye vilima vya Cotswold, upande wa kaskazini-magharibi.
* Mwamba wa msingi. Sehemu kubwa ni mfinyanzi unaoitwa Oxford Clay, uliotuama chini ya bahari katika kipindi cha Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 155 iliyopita. Ingawa ni laini, wanajiolojia huuhesabu kuwa mwamba wa msingi kwa sababu ulikuwepo muda mrefu kabla ya mto kumwaga changarawe juu yake. Ndani yake hupatikana visukuku vya wanyama wa baharini kama vile amoniti.

## Asili ya changarawe

Changarawe iliwekwa wakati wa zama za barafu za Pleistosini. Barafu na baridi kali zilivunja mawe ya chokaa ya vilimani, na theluji ilipoyeyuka mito yenye nguvu ilibeba vipande hivyo hadi bondeni. Mto Thames na vijito vyake vilihama mara kwa mara na kuchimba mifereji juu ya mfinyanzi. Kwa hiyo unene wa changarawe haulingani kila mahali, na katikati yake kunaweza kuwa na vipande vya tope au mchanga mtupu.

Mfereji mmoja wa namna hiyo, karibu na kijiji cha Cerney Wick, ulihifadhi mabaki ya mamothi watano pamoja na shoka la mkono la jiwe linalohusishwa na Waneanderthali. Umri wa mabaki hayo hukadiriwa kuwa miaka 220,000 hivi. Ugunduzi huo ulitangazwa mwaka 2021.

## Uchunguzi kabla ya kuchimba

Kwa kuwa matabaka hubadilika katika umbali mfupi, kampuni huchoronga mashimo mengi ya majaribio kabla ya kufungua machimbo. Hupima unene wa udongo wa juu, unene wa changarawe, kina cha maji na mahali mfinyanzi unapoanzia. Sampuli hupitishwa kwenye chekecheo za matundu tofauti ili kujua kiasi cha mchanga, kokoto na tope. Tope likizidi, changarawe huhitaji kuoshwa sana kabla ya kufaa kwa zege. Udongo wa juu ukiwa mnene kuliko changarawe iliyo chini yake, gharama ya kuuondoa inaweza kuzidi faida.

## Maji ya ardhini

Changarawe hupitisha maji kwa urahisi, lakini mfinyanzi ulio chini yake karibu hauyapitishi kabisa. Hivyo maji hukusanyika ndani ya changarawe, karibu sana na uso wa ardhi. Ili kuchimba pakavu, maji hupigwa pampu hadi mfinyanzi uonekane. Pampu zikizimwa, shimo hujaa.

Ziwa jipya hubadilisha mwendo wa maji. Uso wa maji ya ardhini huwa na mteremko, lakini uso wa ziwa ni bapa. Kwa sababu hiyo maji hushuka upande yanakotoka na kupanda upande yanakoelekea. Shimo likijazwa mfinyanzi badala ya kuachwa liwe ziwa, huwa kama ukuta unaozuia maji, na mashamba au nyumba za upande wa juu zinaweza kupata mafuriko.

Jambo hili ni muhimu hasa karibu na mji wa Cricklade, kwenye hifadhi ya North Meadow, mbuga ya nyasi inayojulikana kwa maua ya *Fritillaria meleagris*. Mimea hiyo hutegemea kiwango cha maji: ardhi ikikaa na maji muda mrefu mno au ikikauka, hupungua.

## Matokeo kwa mazingira

Kwa sababu changarawe ni ya chokaa, maji ya maziwa mengi ni magumu na maangavu, na huotesha mwani wa jenasi *Chara*. Maziwa hayo ni makazi ya ndege wa maji wakati wa baridi. Mwaka 2021 Natural England, taasisi ya serikali ya uhifadhi, ililitangaza eneo hilo kuwa mahali pa umuhimu maalumu wa kisayansi.