Ili iweje? Bernard Brodie na kazi ya kufikiri kuhusu vita (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulitenganisha watu watatu ambao mara nyingi huwekwa kapu moja: mwanajeshi, ofisa usalama na msomi wa sera ya usalama wa taifa. Wa kwanza hupigana. Wa pili hukusanya habari. Wa tatu hukaa na vitabu, ramani na hesabu, akitafuta kujua nchi inaogopa nini, ina haki ya kuogopa kiasi gani, na zile fedha inazomwaga kwenye ulinzi zinanunua nini hasa. Leo tuitazame kazi ya huyu wa tatu kupitia maisha ya Mmarekani mmoja, Bernard Brodie. Nimemchagua kwa sababu hakuna msomi mwingine wa fani hii ambaye maisha yake yanaonyesha waziwazi kiasi hiki faida ya kumsikiliza mtu wa aina yake, na jinsi wenye madaraka wanavyochoka naye upesi.

Brodie alizaliwa Chicago mwaka 1910 katika familia ya wahamiaji wa Kiyahudi. Katika Chuo Kikuu cha Chicago alianzia kwenye falsafa, kisha akahamia uhusiano wa kimataifa, akiwa mwanafunzi wa Quincy Wright, profesa aliyekuwa akiongoza utafiti mkubwa juu ya vyanzo vya vita. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1940. Tasnifu yake ilihusu uvumbuzi wa kijeshi wa majini katika karne ya 19 na namna ulivyobadilisha mahusiano ya mataifa. Mwaka uliofuata ilitoka kama kitabu, Sea Power in the Machine Age.

Mada hiyo ukiisikia juujuu utadhani ni ya wapenda meli tu. Lakini fuatilia hoja yenyewe. Meli ya tanga ilikwenda popote penye upepo na haikudaiwa mafuta na mtu. Meli ya mvuke ilitaka makaa ya mawe, na makaa yalitaka bandari za kuwekea akiba. Taifa lenye vituo njiani likawa na mkono mrefu. Lisilo navyo likabaki kuzunguka karibu na kwao. Waingereza waliichukua Aden mwaka 1839, na haikupita muda ikawa kituo muhimu cha makaa kwenye njia ya India. Watu wa Bahari ya Hindi, sisi tukiwamo, walianza kuishi chini ya kivuli cha siasa iliyotokana na tanuri la meli. Hilo ndilo jicho alilokuwa nalo Brodie tangu ujana: silaha au mtambo mpya hauongezi nguvu tu, unabadilisha kile ambacho watawala wanataka na kile wanachokiogopa.

Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, kijana huyu aliyekuwa akifundisha Dartmouth alijikuta anatafutwa. Kitabu chake cha pili, cha mwaka 1942, kilieleza mikakati ya vita vya majini kwa lugha ya raia wa kawaida, na jeshi la majini lenyewe likaanza kukitumia kufundishia maofisa wake. Akaingia jeshini kama ofisa wa akiba na kufanya kazi Washington. Mwaka 1945 Chuo Kikuu cha Yale kikamwajiri. Alikuwa na umri wa miaka 35, mtaalamu wa meli za kivita anayeheshimika. Kisha Agosti ya mwaka huohuo likaanguka bomu la Hiroshima.

Wengi waliona bomu kubwa. Brodie aliona kwamba sehemu kubwa ya aliyoyaandika imepitwa na wakati, na badala ya kuyatetea akaanza upya. Ndani ya miezi michache yeye na wenzake wanne wa Yale walikuwa wameandaa The Absolute Weapon, kitabu kilichotoka mwaka 1946. Sura zake mbili humo bado zinasomwa katika vyuo vya kijeshi, na msomaji akitaka kujua msomi wa usalama anafanyaje kazi, atazame mfano mmoja tu alioutumia.

Mwaka 1944 Wajerumani walikuwa wakiirushia London mabomu yenye mabawa, yale ya V-1. Ulinzi wa Waingereza uliimarika wiki hadi wiki. Siku iliyovunja rekodi ilikuwa tarehe 28 Agosti: mabomu 101 yalikaribia, 97 yakaangushwa, manne tu yakafika mjini. Kwa kipimo chochote cha kijeshi cha wakati ule, hayo yalikuwa mafanikio makubwa mno. Brodie akauliza: je, yale manne yangekuwa ya atomiki? Watu wa London ambao wangebaki hai wasingekuwa na cha kusherehekea. Kwa hesabu hiyo fupi, ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuifuata, alibomoa imani iliyodumu karne nyingi kwamba kila silaha mpya hatimaye hupata kinga yake. Ulinzi unaofaulu mara 97 kati ya 101 ulikuwa umegeuka ulinzi usiotosha.

Akaongeza hesabu nyingine. Ikiwa mabomu 2,000 yanatosha kuangamiza kabisa uchumi wa adui, basi mwenye 6,000 hamzidi mwenye 2,000 kwa jambo lolote la maana. Katika silaha za zamani mwenye mizinga mingi alikuwa na sababu ya kujivuna. Hapa wingi ukishafika kiwango fulani hauna kazi tena. Aliandika hayo wakati Wasovieti hawajalipua hata bomu moja la majaribio. Marekani ilikuja kufikisha zaidi ya vichwa 31,000 vya nyuklia mwaka 1967. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja unaelewa kwamba tatizo halikuwa ukosefu wa mtu wa kuwaambia.

Kutoka kwenye hesabu hizo alifikia hitimisho lililojenga jina lake: jeshi ambalo tangu zamani kazi yake kuu ilikuwa kushinda vita, sasa kazi yake kuu iwe kuzuia vita visitokee. Msomaji asiharakishe hapa na kudhani huyu alikuwa mhubiri wa amani. Alikuwa na sharti gumu. Adui atazuilika endapo tu ana hakika kwamba hata akipiga kwanza, kwa kushtukiza, atajibiwa. Kwa hiyo nchi lazima ilinde silaha zake za kujibia kuliko inavyolinda kitu kingine: izitawanye, izifiche, izitenge na miji. Nyambizi zinazobeba makombora chini ya bahari, ambazo zilikuja baadaye, zinafuata mantiki hiyohiyo.

Mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa raia wa kwanza kufundisha katika Chuo cha Vita cha Taifa mjini Washington, ambako makanali na maofisa wa wizara walisoma pamoja. Utaratibu huo sasa umezoeleka duniani; hata Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Kunduchi kinawaweka darasa moja maofisa wa jeshi na watumishi wa umma.

Mtihani wenyewe wa maisha yake ulikuja mwaka 1950. Mkuu wa Jeshi la Anga la Marekani, Jenerali Hoyt Vandenberg, alimwita apitie mpango wa siri wa mashambulizi ya nyuklia dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Mbele yake kukawekwa orodha ya shabaha: viwanda, vituo vya umeme, mafuta, miji. Kamandi ya mabomu, iliyokuwa chini ya Jenerali Curtis LeMay, ilitaka kupiga kila kitu kwa mkupuo mmoja mkubwa. Brodie akapitia karatasi zile akitafuta jambo moja, nalo hakulipata: maelezo ya namna uharibifu huo ungeifanya serikali ya Moscow isalimu amri. Wapangaji walikuwa wamehesabu ndege, masafa na majengo yatakayoanguka. Mwisho wa vita walikuwa wameudhania tu. Na aliona hatari nyingine: ukishapiga miji yote siku ya kwanza, adui hana tena cha kuokoa, basi kwa nini akusikilize?

Swali lake lilikuwa lile ambalo bibi yeyote huku kwetu angemwuliza mjukuu anayenoa panga bila sababu: ili iweje? Kwa mtu aliyeajiriwa kutoa ushauri wa shabaha, ni swali zito sana. Kibarua chake pale makao makuu kilikoma mwaka 1951.

Nataka tukae kidogo hapa, kwa sababu vijana wanaosomea sayansi ya siasa Mlimani, Nairobi na Makerere wakitamani kazi hii mara nyingi huiwazia kama kazi ya kuwa karibu na wakubwa. Ukaribu upo, na msomi wa usalama asiyefika karibu na nyaraka na watu wenyewe hubaki akibuni. Lakini mkubwa humwita mtaalamu akiwa tayari ana jibu analolipenda, akitaka tu lipigwe mhuri wa kitaaluma. Brodie alikataa kuwa mhuri. Hakupiga kelele magazetini wala hakuvujisha siri. Alisema alichokiona kwa waliomwuliza, na akalipa gharama yake.

Mwaka huohuo wa 1951 alihamia RAND, taasisi ya utafiti iliyoko Santa Monica, California. Ilianzishwa kwa fedha za jeshi la anga baada ya vita, na tangu mwaka 1948 ikasimama kama shirika lisilo la faida. Alikaa huko miaka 15. Mapema mwaka 1952 yeye na wenzake wachache walipewa kazi ya kupima maana ya bomu la haidrojeni kabla halijajaribiwa. Novemba mwaka ule lilipolipuliwa katika visiwa vya Marshall lilikuwa na nguvu zaidi ya mara 600 ya lile la Hiroshima, na kisiwa kidogo cha Elugelab kikatoweka. Kazi ya miaka ile ndiyo iliyozaa kitabu chake kikubwa, Strategy in the Missile Age, mwaka 1959.

RAND ilikuwa nyumba ya wachumi na wanahisabati. Walikuwa hodari kweli: wangeweza kukupimia gharama ya kituo cha ndege kimoja dhidi ya kingine, na uchunguzi wa Albert Wohlstetter kuhusu udhaifu wa vituo vya ndege vya Marekani uliokoa mambo mengi. Brodie aliwaheshimu, lakini aliona wanaacha nje historia na siasa, yaani woga, kiburi, kumbukumbu na tamaa za watu wanaoamua. Robert McNamara alipochukua Wizara ya Ulinzi mwaka 1961 aliwachota wataalamu kadhaa wa RAND, akiwamo mchumi Charles Hitch. Brodie, aliyeianzisha fani yenyewe, hakuchukuliwa.

Katika miaka iliyofuata aliandika mambo ambayo simwungi mkono. Kitabu chake cha mwaka 1966 kilitetea uwezekano wa kutumia silaha ndogo za nyuklia kuilinda Ulaya Magharibi, akiamini vita havitapanda ngazi hadi maangamizi ya wote. Mtu aliyeonyesha mwaka 1946 kwamba mabomu manne yangetosha kuimaliza London alikuwa sasa anawaamini mno watawala kwamba wangejizuia wakati miji inaungua. Namsoma kwa heshima, lakini hapo naona hoja ya kijana ikiishinda hoja ya mtu mzima.

Nyumbani hakuwa msomi peke yake. Mkewe, Fawn McKay Brodie, alikuwa mwandishi mashuhuri wa wasifu, na kwa umma jina lake lilivuma kuliko la mume. Ndiye aliyeandika mwaka 1967 wasifu wa Richard Burton, yule msafiri wa Kiingereza aliyefika Unguja Desemba 1856, akapanda bara mwaka uliofuata na kufika Ujiji Februari 1858. Mwaka 1962 wawili hao walitoa pamoja kitabu cha historia ya silaha, kuanzia upinde hadi bomu la haidrojeni. Mke alichunguza watu, mume alichunguza mikakati. Naamini msisitizo wa Brodie kwamba vita huamuliwa na binadamu wenye hofu na majivuno ulipata lishe katika nyumba ile.

Aliondoka RAND mwaka 1966 na kuwa profesa wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Vita vya Vietnam vilikuwa vinapamba moto, na humo aliyaona makosa yote aliyokuwa akiyaonya: hesabu nyingi, mabomu mengi, na hakuna aliyeweza kueleza nchi yake inapigania kitu gani chenye thamani sawa na damu inayomwagika. War and Politics, cha mwaka 1973, kinafungua kwa swali linalonasibishwa na Jenerali Foch wa Ufaransa, ambalo kwa Kiswahili ni kusema: jambo lenyewe hapa ni lipi? Kitabu kinalipitisha swali hilo katika Vita Kuu ya Kwanza, ya Pili, Korea na Vietnam, na kila mahali kinaonyesha wakubwa waliolikwepa.

Kazi yake ya mwisho yenye uzito ilikuwa ya ualimu. Michael Howard na Peter Paret walipotoa tafsiri mpya ya Kiingereza ya On War ya Clausewitz mwaka 1976, Brodie aliandika mmojawapo wa utangulizi, pamoja na mwongozo mrefu wa kumshika mkono msomaji sura kwa sura. Clausewitz ndiye aliyesisitiza kwamba vita ni chombo cha siasa na havina akili yake pekee, na Brodie alikuwa ameishi miaka 30 akijaribu kuwakumbusha hilo watu waliodhani bomu limelifuta. Alifariki Los Angeles Novemba 1978.

Wiki ijayo tutabaki katika jengo lilelile la Santa Monica, kumtazama Roberta Wohlstetter, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini Marekani ilikuwa na dalili tele za shambulio la Pearl Harbor na bado ikashtukizwa.