Sauti za Jumamosi, Ibada ya Jumapili

Mpiga kinanda anayetafutwa mjini Arusha hana wikendi. Ijumaa jioni yuko kwenye sendofu Njiro, Jumamosi yuko kwenye harusi Usa River, na Jumapili alfajiri anapandisha Nkoaranga au Akheri, kinanda kimefungwa nyuma ya kirikuu, kwaya inamsubiri ianze kupasha sauti. Katika safari hizo kinanda huzimwa na kuwashwa, huchomekwa leo kwenye umeme wa TANESCO na kesho kwenye jenereta, na huguswa na mikono isiyo ya mwenyewe. Kisha Jumapili anabonyeza namba aliyoihifadhia sauti ya kinanda cha kanisani, na ukumbi mzima unasikia ngoma za sebene.

Wapigaji wengi hulaumu mashine. Nimefungua vinanda vya kutosha kusema kwamba kumbukumbu ya kinanda cha kisasa haifi kirahisi. Tatizo kubwa ni kutojua kitu gani hasa kimehifadhiwa, na kimehifadhiwa wapi.

Ndani ya kinanda mna kumbukumbu za aina mbili. Moja ni ya kazi: inabeba hali ya kinanda kwa dakika hii, yaani sauti uliyochagua, staili, mwendo, kiwango cha mwangwi na mahali ulipogawa kibodi kati ya mkono wa kushoto na wa kulia. Hiyo inaishi kwa umeme, na umeme ukikatika inakufa papo hapo. Ya pili ni ile iitwayo flashi, ya jamii ileile iliyomo kwenye simu na kadi za kamera. Fujio Masuoka wa Toshiba aliitambulisha kwa wahandisi wenzake mwaka 1984, na sifa yake ni kushika chaji ya umeme ndani ya seli zake hata baada ya mtambo kuzimwa. Unapozungusha na kubonyeza jukwaani unabadili ile ya kwanza tu. Ya pili haijui lolote mpaka uiamuru.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Sinthesaiza nyingi za miaka ya 1970 zilipangwa kwa vishikio, na mpigaji aliyetaka kuirudia sauti ya jana aliandika mahali pa kila kishikio kwenye karatasi. Mwaka 1978 kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani ilitoa Prophet-5, iliyoweza kukumbuka sauti 40 na kuziita kwa kitufe. Miaka mitano baadaye ikaja Yamaha DX7, yenye nafasi 32 za sauti za mtumiaji, na kumbukumbu yake ililindwa na betri ndogo bapa iliyolehemiwa kwenye bodi. Betri hiyo ikiisha, sauti zote hupotea kinanda kikizimwa. Dar es Salaam nako, wapiga mchiriku, Jagwa Music wakiwa mfano unaojulikana zaidi, waliujenga muziki wao juu ya vinanda vidogo vya Casio ambavyo vingi havikuwa na nafasi yoyote ya kuhifadhi. Mpangilio ulikaa vidoleni, na hapakuwa na cha kupotea.

Nalitaja hilo la betri kwa sababu vinanda vya mitumba vya miaka ya 1980 na 1990 bado viko mikononi mwa watu. Baadhi ya vile vya kubebeka hushika kumbukumbu kwa nguvu ya betri zilezile kavu za chini. Ukizitoa na kuchomoa waya, umefuta kila kitu. Cha kisasa ni kinyume chake. Betri hazina kazi ya kulinda kumbukumbu, na zikiachwa ndani yake tangu Pasaka hadi Krismasi zinavuja maji yanayokula vyuma vyake. Kwa hiyo ushauri wa “toa betri ukimaliza” ni sahihi kwa kinanda kimoja na ni balaa kwa kingine. Anza kwa kujua umri wa chako.

Sasa tuangalie kinachohifadhiwa. Chukua Yamaha PSR-E463 ya mwaka 2018, kinanda cha ukubwa wa kati. Ina benki 8, kila moja ina vitufe 4, jumla nafasi 32 za kuhifadhi mipangilio. Ukishikilia kitufe kilichoandikwa MEMORY na kubonyeza namba, hali yote ya dakika hiyo inaandikwa kwenye namba hiyo. Haikuulizi kama una uhakika. Kama palikuwa na mpangilio mwingine, umefutwa. Mtoto wa shule ya Jumapili anayechezea vitufe wakati wazee wanapanga viti anaweza kuimaliza benki ya kwanza kabla ya kengele kulia, na ndiyo maana nawashauri wapigaji waanzie benki ya tano au ya sita. Benki ya kwanza iacheni iwe ya wapita njia.

Ndani ya namba moja kuna mambo mengi kuliko watu wanavyodhani, na linaloumiza zaidi ni transpozi. Tuseme ukweli, wapigaji wengi wa huku hupiga kwenye ufunguo wanaouzoea, mara nyingi C, kisha hupandisha au kushusha kwa kitufe ili wamfuate mwimbaji. Si dhambi. Lakini transpozi nayo huingia kwenye namba. Katika makanisa ya Kilutheri (KKKT) yenye kikundi cha tarumbeta, nyimbo nyingi huangukia B bemoli, hivyo mpigaji anashusha hatua mbili, anaridhika na mlio, anahifadhi. Wiki mbili baadaye anaiita namba ileile kwa ajili ya kwaya ya akina mama, kwa sababu tu anapenda sauti yake ya nyuzi. Kinanda kinashuka hatua mbili bila kusema neno. Akina mama wameshapewa noti ya kuanzia na mwalimu wao, na kinachofuata kila mtu anakijua. Vinanda vikubwa vina kazi iitwayo FREEZE, inayoiambia mashine: badilisha mengine yote, ila transpozi au mwendo usiuguse. Kama chako kinayo, itumie kila unapotoka harusini kwenda ibadani. Kama hakinayo, jizoeze kutupa jicho kwenye kioo kabla ya kuweka vidole.

Jambo la pili ndani ya namba ni gumu kidogo kueleza, na ndilo linalowaangusha hata mafundi. Kinanda hakihifadhi sauti yenyewe wala staili yenyewe. Kinahifadhi anwani. Ni sawa na kumwelekeza mgeni “nyumba ya tatu baada ya msikiti, mlango wa bluu”: maelekezo hayabadiliki, lakini aliyepanga humo anaweza kuwa amehama. Kwa staili zilizozaliwa na kinanda hakuna shida, hazihami. Shida ni zile staili za sebene, zouk na mapambio tunazouziana kwa flashi ndogo za USB. Katika Yamaha za jamii ya PSR-S, ukihifadhi mpangilio unaotumia staili iliyomo kwenye flashi, kinachoandikwa ni njia ya kuifikia: kifaa gani, folda gani, jina gani la faili. Badili jina la folda ukiwa nyumbani kwenye kompyuta, au chomeka flashi nyingine, na namba yako itafika mlangoni isimkute mtu. Katika vinanda vidogo staili ya nje hupakiwa kwenye nafasi maalumu yenye namba. Rafiki akija na staili yake mpya akaipakia kwenye nafasi hiyohiyo, mpangilio wako sasa unaita ngoma yake.

Ndiyo maana kunakili faili ya mipangilio peke yake hakutoshi. Nakili na folda ya staili, kwa majina yaleyale na mpangilio uleule wa folda. Wenye Korg za jamii ya Pa wamerahisishiwa kidogo, kwa kuwa mipangilio, staili na sauti za mtumiaji hukaa pamoja kwenye folda moja inayoishia na herufi SET. Wao hatari yao ni kupakia SET ya mwenzao bila kuhifadhi ya kwao kwanza. Na wale wa PSR-S wakumbuke kwamba vile vitufe vya namba ni meza ya kazi tu. Benki huwa salama pale unapoiandika kama faili yenye jina. Ukifungua benki nyingine kabla ya hapo, meza inapanguliwa.

Umeme nao una mambo yake. Kinanda kidogo kinapoandika kwenye flashi yake ya ndani kioo huonyesha neno WRITING!, na kitabu cha maelekezo kinaonya usizime wakati huo, kwani kumbukumbu yenyewe inaweza kuharibika. Sasa wewe unahifadhi mpangilio dakika tano kabla ya bwana harusi kuingia, umechomeka kwenye ekstensheni moja na friji ya soda, umeme ukikatika utamlaumu nani? Hifadhi nyumbani.

Wapo wanaojiona wajanja: wanaweka betri na adapta kwa pamoja, wakiamini kwamba umeme ukienda betri zitapokea. Kitabu cha Yamaha za PSR-E kinasema wazi kwamba kuchomeka au kuchomoa adapta huku betri zikiwemo kunaweza kukizima kinanda, na data inayorekodiwa au kuhamishwa wakati huo ikapotea. Betri hizo si akiba ya dharura. Kama una kazi kubwa ya kuhifadhi na hali ya umeme huiamini, chomoa adapta kwanza, weka betri mpya, ndipo uwashe na kuanza.

Kuna pia kujizima. Vinanda hivyo hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kujizima vyenyewe visipoguswa kwa dakika 30. Huko vilikobuniwa nusu saa bila kugusa kinanda ni ishara kwamba mtu ameondoka. Huku ni mahubiri yamefika katikati, au mjomba wa bibi harusi ndiyo kwanza anaanza nasaha. Namba zilizohifadhiwa hubaki, ila vile vijimabadiliko ulivyofanya kwa haraka wakati wa wimbo uliopita huondoka vyote. Kuondoa tabia hiyo ni rahisi: shikilia ufunguo wa chini kabisa wa kibodi, upande wa kushoto, kisha washa.

Angalieni sana upande. Ufunguo mweupe wa juu kabisa, mwisho wa kulia, ukishikiliwa wakati wa kuwasha katika jamii hiyohiyo ya PSR-E, hufuta mipangilio yote na kukirudisha kinanda katika hali ya kiwandani. Nimepokea vinanda “vilivyoharibika kumbukumbu” ambavyo havikuwa na ugonjwa wowote. Mtu aliwasha gizani nyuma ya jukwaa, mkono mmoja ukitafuta kitufe, kiwiko cha mwingine kimelala mwisho wa kibodi.

Nakala ya nje basi. PSR-E463 na wenzake wenye tundu la USB la kuchomeka flashi huweza kuandika mipangilio yote kama faili moja. Vidogo zaidi, vyenye tundu la kompyuta peke yake, hupitia programu ya Yamaha kwenye kompyuta. Flashi ya kinanda iwe ya kinanda. Usiipeleke kuchapishia kadi za mchango pale steshenari, maana kompyuta za pale hupokea flashi za mji mzima, na virusi vyake hupenda kuficha folda halisi na kuacha njia za mkato mahali pake. Kinanda hakiugui virusi hivyo, ila hakitaona faili zako. Flashi za bei ya kutupa zinazojitangaza kuwa na ujazo mkubwa nazo ziepuke. Baadhi zimechezewa zidanganye ukubwa wao, na ukipita ujazo wa kweli zinapokea faili na kuziharibu kimyakimya. Nunua ndogo mbili za kuaminika, uziandae ndani ya kinanda chenyewe zikiwa tupu, moja ikae kwenye begi la kinanda na nyingine nyumbani.

Watu huniuliza pia kuhusu vumbi, mtikisiko wa barabara na baridi ya mlimani. Mtikisiko haufuti flashi. Vumbi linaharibu mguso wa vitufe, na hilo ni somo la siku nyingine. Baridi ndiyo ina neno. Yamaha hutaja nyuzijoto 5 hadi 40 kwa matumizi ya kawaida, na asubuhi ya Julai kwenye vijiji vya miteremko ya Meru ni baridi lakini haikitoi kinanda nje ya kiwango hicho. Tatizo ni pale kinapolala kwenye gari nje usiku kucha kisha kikaingizwa ghafla kwenye kanisa lililojaa pumzi za watu: unyevu hutanda juu ya bodi kama unavyotanda kwenye miwani. Ukiona umande juu ya kasha usiwashe. Subiri ukauke kabisa, hata kama ni saa kadhaa, na kwaya iimbe bila ala.

Mwisho ni vinanda vya kuazimana, ambavyo kwa hesabu yangu ya macho ni vingi kuliko vya binafsi. Kinanda cha usharika hupigwa na watu watano, na hakuna anayejua namba ya nani ni ipi. Gundi kipande cha karatasi chini ya kasha: benki, namba, jina la mwenye nayo, sauti, staili, mwendo, transpozi. Faili ikipotea, karatasi hiyo inakurudisha kwenye mlio wako ndani ya dakika chache. Na ukikodishiwa kinanda cha mtu, nakili kwanza mipangilio yake kwenye flashi yako kabla ya kugusa MEMORY, upige kazi yako, kisha umrudishie kama ulivyoikuta. Anayekodisha akigundua umefanya hivyo, safari ijayo hatakuomba amana.