Haraka Iwe ya Njiani, Si ya Dripu
Wasomaji wetu wa Ekero, jirani na Mumias, tunawaletea funzo lililotoka pwani. Watoto waliozidiwa na maambukizi hadi damu ikawa haizunguki sawasawa waliaminika kuokolewa na dripu ya kasi. Utafiti ulioongozwa kutoka Kilifi, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Katika saa 48, kwa kila 100 waliopewa maji kwa kasi, walifariki karibu 11. Kwa wasiopewa hivyo, 7.

Basi tuharakishe safari ya hospitali: mtoto mwenye homa akihema kwa shida, akalegea, mikono ikawa baridi, tusingoje kuche. Kipimo cha maji tumwachie daktari, wala tusimhimize kuongeza kasi.