Mama Mjamzito, Udongo Hauongezi Damu

Ukipita sokoni hukosi kuona vijiwe vya odowa vimepangwa kwa mafungu kando ya nyanya na vitunguu. Wanunuzi wengi ni akina mama waja wazito. Wengine hula udongo wa kichuguu au kubandua ukuta wa nyumba. Ni desturi ya tangu jadi, na huko magharibi mwa Kenya wako wanaoamini kwamba udongo mwekundu huongeza damu.

Ukweli ni kinyume cha hayo. Mara nyingi hamu ya udongo huandamana na upungufu wa damu. Udongo ukifika tumboni hunasa madini ya chuma yaliyo katika chakula, yakakosa kufyonzwa mwilini. Kadiri mama anavyoula ndivyo damu inavyozidi kupungua. Aidha, udongo hufunga choo, huweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Je, hatari iko wapi? Kila mama hutokwa na damu anapojifungua. Mwenye damu ya kutosha hustahimili, lakini aliyepungukiwa huweza kupoteza maisha. Mtoto naye huenda akazaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzani mdogo.

Ukiona unachoka upesi, unapatwa na kizunguzungu au moyo unakwenda mbio, nenda kliniki upimwe damu. Kipimo kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, una upungufu. Usingoje tumbo lionekane. Anza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Utapewa tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki za kumeza kila siku. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni tembe hizo. Anayepanga kushika mimba aanze asidi ya foliki mapema.

Kula nyama, omena, maharagwe na mboga za kienyeji, pamoja na chungwa. Chai isiandamane na chakula, kwani huzuia madini ya chuma.

Nanyi akina mama wakwe, msimnyime mjamzito mayai na nyama kwa kuhofia mtoto atakuwa mkubwa. Wala msimcheke anayekula udongo. Mpelekeni kliniki.