Mjusi Anayejivua Magamba

Mjusi kafiri wa kwenye kuta zetu akibanwa hukata mkia. Ndugu zake wa Madagaska na Komoro, wa jenasi ya Geckolepis, huacha karibu vazi zima. Wamefunikwa magamba makubwa yanayopandana mithili ya magamba ya samaki. Wakishikwa, hata kwa wepesi, magamba hubanduka pamoja na sehemu kubwa ya ngozi, na mjusi hukimbia uchi, mwekundu kama kuku aliyenyonyolewa. Adui hubaki na magamba mdomoni.

Hilo si jeraha la bahati mbaya. Ngozi yao ina tabaka maalumu la kuachana, na kila gamba limeshikiliwa kwa sehemu ndogo tu. Baada ya wiki chache yanaota mapya, bila kovu. Kinachonistaajabisha zaidi ni gharama yake, kwani uchunguzi umeonyesha chembe za mfupa ndani ya magamba hayo. Mwili unajenga deraya, kisha unaitupa!

Kwa mtafiti huo ni mtihani, maana aina za mijusi hutambuliwa sana kwa magamba. Zamani wakusanyaji waliwanasa kwa mafungu ya pamba ili magamba yasibanduke. Mwaka 2017, mtafiti Mark Scherz na wenzake walipotangaza aina mpya, Geckolepis megalepis, yenye magamba makubwa kuliko ya wenzake wote, walipiga picha za eksirei za tabaka kwa tabaka ili kuchunguza mifupa, ambayo haibanduki.

Aina hiyo inajulikana kutoka Ankarana, kaskazini mwa Madagaska, kwenye tsingy: miamba ya chokaa iliyochongwa na mvua hadi ikawa ncha kali, yenye misitu mabondeni. Hutoka usiku. Walioko Komoro wana kisa kingine. Visiwa hivyo vilizaliwa na volkano, havijawahi kuungana na bara wala na Madagaska, hivyo wazee wao walivuka bahari, yumkini juu ya magogo yaliyoelea.

Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba majina machache tuliyonayo ya mijusi hawa yanaficha koo nyingi zilizoachana zamani. Kwangu hapo ndipo penye uharaka, kwa sababu misitu ya Madagaska inachomwa kwa ajili ya mashamba na kukatwa kwa ajili ya mkaa. Ankarana, angalau, ni hifadhi tangu 1956, na ncha za mawe hazilimiki. Misitu ya tambarare haina kinga hiyo ya mawe.