Kazi Yako ya Kwanza

Leo twakumbuka kazi ya kwanza ya malipo. Huko Songambele, pengine wewe ulianza kwa kuchuma kahawa ya jirani. Zamani za Waingereza, wengine wa Karagwe walichimba bati Kyerwa. Wengine walivuka kwenda Uganda kulima mashamba ya Waganda.

Siku hizo vibarua wengi wa Tanganyika, hasa wa mkonge, walipewa kipande. Hiyo ilikuwa kadi. Kibarua akimaliza kazi ya siku, kadi hutiwa alama. Asipomaliza, haitiwi. Zikitimia alama 30, ndipo kipande kimekwisha. Kwa hiyo mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda. Akiugua kidogo, wiki sita zapita.

Sasa fikiri: karani amesahau alama mbili. Anayejua kusoma kadi yake atadai papo hapo. Asiyejua atarudi shambani siku mbili za bure, naye hajui kama ni za bure.

Kipande hakipo tena. Lakini ukiuza kahawa katika chama cha msingi, wapewa stakabadhi. Soma kilo zako kabla hujaondoka penye mizani.

Haya, shika kalamu. Andika: nilifanya kazi gani, siku ngapi, nikalipwa nini. Kama ulilipwa ndizi au rubisi, andika vivyo hivyo. Kama hukulipwa, andika pia. Kisha msomee mwenzako wa karibu.